Fishi ya Kipande cha Mwisho

Mkuu wa idara alinipigia simu wiki ya pili baada ya kustaafu kwangu, akaniomba niwaandikie walimu wapya kurasa chache: nilianzaje, nilijifunza nini, nawashauri nini. Alisema ingefaa kiwe kitu cha kuwatia moyo. Nilimjibu kwamba nitaandika, ingawa imenichukua miezi kuanza. Kuhusu moyo sikumjibu. Kwa hiyo ninyi wadogo zangu mnaopokea kozi ya fasihi ya Afrika hapa Goma, someni mkijua kwamba mama yenu hana furaha wala hana nguvu ya kujifanya anayo. Vyeo sitavitaja. Vimo ndani ya faili, kama faili lenyewe bado lipo.

Nimezaliwa katika nyumba ya Waislamu waliotoka Maniema, watu wa maduka na malori. Baba aliendesha lori kwenye barabara ya Rutshuru maisha yake yote, na alitaka mtoto wake wa kwanza asome hesabu. Nikachagua fasihi. Aliniuliza kazi ya mtu wa fasihi ni nini, nikamwambia ni kusoma vitabu na kueleza vinasema nini. Akauliza, kwani vyenyewe havisemi? Nilimcheka mpaka mama akanikaripia. Siku hizi simcheki.

Siku yangu ya kwanza kazini, nikiwa asistanti mwenye sketi mpya na viatu vya kuazima, profesa aliyenipokea hakunipa mkono. Alinipa boksi tupu la viatu na rundo la kadi ngumu, zile tunazoziita fishi. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi, na sote tulimwita Muzee, hata wakubwa zake. Alinionyesha: juu kushoto jina la kitabu, juu kulia ukurasa, katikati wazo lako. Alirudia mara mbili kwamba ni wazo langu, si maneno ya kitabu. Kunukuu kuliruhusiwa, lakini mistari mitatu, basi.

Alikuwa na sababu. Wakati ule vitabu vilikuwa haba, na wanafunzi walikopeshwa kimoja kwa juma moja, wakakinakili chote kwa mkono, kisha baadhi yao wakakirudisha kwetu mwisho wa mwaka chenye jalada jipya na kukiita tasnifu. Muzee aliwachukia kwa dhati. "Kunakili ni kazi ya karani," aliniambia. "Weye uko hapa ju ya kufikiri." Nililipenda neno hilo. Nililitumia miaka thelathini, na wengi wenu mmelisikia kinywani mwangu likiwa limeongezewa ukali.

Nilikuwa hodari wa fishi, lazima niseme. Mwandiko wangu ni mdogo na umenyooka, penseli yangu ilichongwa kwa wembe kila asubuhi, na baada ya miaka michache nilikuwa na maboksi kumi na moja yaliyopangwa juu ya kabati la ofisi. Wenzangu walikuja kuniuliza riwaya fulani inahusu nini badala ya kuisoma. Nilijifanya nachukia hilo, na kwa kweli lilinipendeza sana.

Kisha mlima ukatutapikia. Mnaijua habari hiyo, hata aliyekuwa hajazaliwa anakaa juu ya jiwe lake. Lava ilipita katikati ya mji, ikachukua ofisi, chumba cha vitabu, na maboksi yangu yote. Siku tuliporudi nilisimama juu ya jiwe ambalo bado lilikuwa na joto, soli zikinuka, nikajaribu kukadiria kabati langu liko chini ya sehemu gani. Muzee alikuwa pembeni yangu.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipopotea. Vitabu vilirudi. Padri mmoja alituletea katoni kutoka Bukavu, mwenzetu akanunua vingine Kampala, vingine vikatoka Kigali. Kitabu kilichoungua Goma kilikuwa na ndugu zake mahali pengine, wazima, na ukurasa wa themanini ulikuwa palepale pa themanini. Ambacho hakikurudi ni fishi zangu. Niliomboleza mawazo yangu kama mtu aliyefiwa. Nikatoka katika msiba ule na somo moja: maandishi yanajitunza yenyewe, cha kulinda ni unachokifikiria juu yake.

Miaka ikapita, simu zikaingia madarasani. Nilikuwa na desturi ya kuzinyang'anya na kuzirudisha mwisho wa somo. Siku moja nilimwona msichana aliyekaa nyuma kabisa, karibu na soketi ya umeme, ameinamia simu yake huku nikieleza jambo ambalo mimi mwenyewe nililiona la maana. Nikaichukua. Nilipofika mezani macho yangu yakaanguka kwenye kioo chake kabla hakijazima, nikasoma sentensi moja, halafu ya pili. Wanafunzi walinisubiri nimalize. Nilimaliza kipande chote.

Msichana huyo aliitwa Dusabe. Wazazi wake walikuwa wakulima wa Kibumba, na vita vilikuwa vimewasukuma mpaka kambi ya Mugunga, yeye na mama yake, maana baba alikuwa amekwisha kufa. Alitoka kambini kwa miguu kuja masomoni, na alikaa nyuma si kwa uvivu bali kwa sababu ya ile soketi. Nilichokisoma hakuwa anakisoma yeye. Alikuwa anakiandika. Alikuwa na ukurasa kwenye Facebook alioupa jina Habari za Maharagwe, na kila juma aliweka kipande kimoja.

Hadithi yenyewe nitawaeleza kama ninavyoikumbuka. Mwanamke wa kambini, hana jina, anashuka mjini kila siku ya soko hadi mahali malori machache ya barabara ya Rutshuru yanapopakua. Anawauliza madereva kama wameliona shamba lake la maharagwe, lile baada ya kona, chini ya mikaratusi. Madereva hawajaona kitu, nani anaangalia maharagwe kwenye barabara ile. Lakini hakuna mwenye moyo wa kumwambia hivyo. Mmoja anasema limechanua. Mwingine anasema kuna mtu amelipalilia. Kwa uongo wao shamba linastawi. Katika kipande cha tisa anagundua kuwa wanamdanganya, na siku ya soko inayofuata anakwenda tena kuwauliza.

Nilimfikiria baba yangu. Angekuwa mmoja wa waongo wale, tena mbele kabisa. Nilimrudishia Dusabe simu yake na kumwambia aje ofisini, na alikuja akidhani nitamfukuza.

Kuanzia hapo ndipo nilipoanza kazi ambayo wengine wenu mmeisoma, ya fasihi ya mtandaoni ya mji wetu. Wenzangu walicheka. Mmoja aliniuliza kama mwaka ujao tutafundisha pia matangazo ya mazishi. Niliwajibu kwa makala. Nilifuata kurasa za vijana wengi, mashairi ya waendesha pikipiki, hadithi zilizopelekwa kwa WhatsApp kipande kwa kipande, na jinsi wasomaji walivyogombana chini ya kila kipande mpaka mwandishi akabadili njia. Lakini Habari za Maharagwe ndiyo iliyokuwa kipenzi changu. Wanawake wa kambini walikusanyika kwenye simu moja ili wasomewe. Kulikuwa na dereva wa kweli aliyeandika pale chini kwamba kesho anapita Kibumba na ataangalia.

Nilinunua kaye kubwa, daftari lenye jalada gumu. Kila kipande nilikipa ukurasa wake: anwani ya mtandao, herufi kwa herufi, idadi ya maoni, na fishi yangu nimeibana kwa pini. Maneno yenyewe sikuyanakili. Yalikuwa pale, ukigusa tu. Nilikwenda kumwonyesha Muzee, ambaye wakati huo hakuwa anatoka kitandani, nikamwambia kwamba siku hizi maktaba iko mahali lava haifiki. Akauliza ni nani mwenye ufunguo. Nilidhani ni uzee, nikamrekebishia mto.

Niwaambie pia kuhusu Baraka, ingawa ningependa kumruka. Baraka alikuwa mwanafunzi wangu, mpole, aliyeandika tasnifu juu ya kurasa hizo za mtandaoni. Mwishoni aliweka nyongeza ya kurasa sitini ambamo alikuwa ameyachapa maandishi yenyewe mazima, na ndani yake vilikuwamo vipande vingi vya Dusabe. Niliukata ule mzigo kwa kalamu nyekundu. Siku ya kujitetea mbele ya juri, jopo la walimu wanaotoa alama, alisema kwa sauti ndogo kwamba aliogopa, kwa sababu kurasa zile zinaweza kufungwa siku moja. Nikamuuliza zifungwe na nani. Watu wakacheka, nami nikacheka, na Baraka akatoa kurasa zake sitini kabla ya kupewa alama.

Makala yangu juu ya Dusabe ilitoka katika jarida la mbali. Ilikuwa na kurasa ishirini na mbili. Maneno ya Dusabe ndani yake yalikuwa mistari mitatu.

Kisha vita vikaingia mjini kwenyewe. Mlikuwepo, sina haja ya kueleza. Waliokuwa na silaha kwenye vizuizi walidai simu na kuzipekua, na hakuna aliyejua ni neno gani litamponza. Vijana walioandika juu ya kambi, juu ya njaa, juu ya barabara, wakaanza kufuta. Sikumlaumu hata mmoja. Kila siku nilifungua ukurasa fulani nikaukuta mtupu.

Dusabe alikuja nyumbani kwangu mchana mmoja, amefunga kilemba cha mama yake ili aonekane mtu mzima. Alikunywa maji, akaweka simu juu ya meza.

"Mama Prof, benzangu banafuta," alisema. "Na miye nifute?"

"Futa, mutoto wangu. Miye niko nayo yote."

Akaliangalia kaye langu kubwa kwenye rafu. "Yote?"

"Yote."

Sikuwa ninamdanganya. Hilo ndilo linaloniua. Niliamini. Miaka thelathini ya fishi ilikuwa imenifanya niamini kwamba nikishakieleza kitu, ninacho.

Alifuta palepale, kipande kimoja kimoja, akitaja namba kwa sauti, na mimi nikihesabu pamoja naye kama mtu anayesaidia. Kazi yote haikuzidi muda wa kunywa chai. Alipofika kipande cha arobaini na moja, cha mwisho, alisita. Alisema hicho hajawasomea wanawake wa kambini, na mama yake amesikia vyote isipokuwa hicho. Alikuwa amemuahidi kumsomea siku watakaporudi Kibumba, wakiwa wamesimama ndani ya shamba lao. Nikamwambia atamsomea nakala yangu. Akafuta.

Nilikuja kujua siku kadhaa baadaye, mtandao uliokatwa jioni ile uliporudi. Nilikuwa nafungasha vitu vya ofisi kwa ajili ya kustaafu, nikafungua kaye, nikaandika anwani ya kwanza kwenye simu. Ukurasa haupatikani. Ya pili, haupatikani. Kwenye ya tatu mikono yangu ilikwisha kuelewa, lakini nilizijaribu zote arobaini na moja, kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa. Kisha nikakaa chini sakafuni kati ya maboksi, mwanamke mzima, mwalimu wa walimu.

Sikumwambia Dusabe. Kambi zilikuwa zimevunjwa, watu wakirudi makwao wapende wasipende, na yeye na mama yake walirudi Kibumba. Alinipigia simu mara mbili. Shamba lipo, alisema, limejaa magugu lakini lipo. Aliniomba nikipata njia nimletee nakala, maana simu aliyokuwa anaandikia walimchukulia kwenye kizuizi, na mama anadai kipande chake. Nikasema ndiyo, barabara ikitulia. Mara zote mbili nilisema ndiyo, kama dereva wa Rutshuru. Kisha alishikwa na homa. Zahanati haikuwa na dawa. Siku ya nne mtu mwingine alinipigia kwa namba yake, kunijulisha siku ya mazishi.

Nilimtafuta Baraka. Nilimkuta kwenye kibanda cha kuuza vocha karibu na soko, na digrii yangu, nasema yangu kwa kuwa ni mimi niliyemsimamia, ikiwa haimsaidii kitu. Nilimuuliza kama alibaki na zile kurasa sitini, hata kwenye kompyuta. Kompyuta iliuzwa kumtibu mtoto.

"Mama Prof, ulisema nitoe," alisema. "Nilitoa."

Hakunisimanga. Alinipa hata kiti.

Mkuu wa idara anataka ushauri. Haya. Nakilini. Nakilini kwa mkono, kwa penseli, neno kwa neno, mpaka vidole viume, kabla hamjawaza lolote. Kazi ya karani ndiyo iliyokuwa kazi yetu na tuliidharau. Sisemi kwamba itawafaa. Karatasi nayo inaungua, na maneno ninayoyataka hayapo popote tena. Nawaambia tu kwa sababu nimeulizwa.

Mama yake Dusabe alikuja mwezi uliopita. Sikuwa nimemwona tangu mazishi. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyomkumbuka, amevaa kitenge safi, na mkononi ana mfuko mdogo wa maharagwe, mavuno yao ya kwanza. Aliuweka mbele yangu kwa mikono miwili. Nilimkaribisha, nikamwandalia chai, nikazungumza juu ya barabara na bei ya unga kama mtu anayekimbia.

Alinisubiri nimalize. Kisha akasema kwamba wanamaliza matanga Jumamosi, mchungaji atakuwepo, na majirani waliokuwa nao kambini watakuwepo. Angependa wasikie kitu cha Dusabe.

"Miye sijui kusoma," alisema. "Aliniambia yote iko kwa Mama Prof. Ninataka utusomee ile ya mwisho. Ni ile sikusikia."

Nilimwambia ukweli. Nilimwambia wote, tangu boksi la viatu hadi mchana ule wa kufuta, na sikujitetea, kwa sababu hakukuwa na mahali pa kuanzia. Alinisikiliza akiangalia kaye kubwa, ambalo nilikuwa nimelishusha na kuliweka kati yetu.

"Na humu ndani muko nini?"

"Maneno yangu juu ya maneno yake, mama."

"Mengi hivi?"

"Mengi hivi."

Aliomba nimsomee basi yale ya mtoto wake, hata kama ni machache. Nilifungua makala na kusoma mistari mitatu: "Shamba halina miguu. Ni miye nilikimbia. Basi mwenye kuomba habari ni miye." Nilikuwa nimeandika ukurasa na nusu juu ya mistari hiyo. Humo nilidai kwamba hapo ndipo sauti ya mwandishi inaposikika wazi kuliko popote.

Mama Dusabe alitikisa kichwa taratibu. "Hayo ni yangu," alisema. "Nilikuwa ninamwambia kila siku kule Mugunga. Aliyaandika vile nilisema. Nilitaka yake."

Nje watu walikuwa wanapita wakizungumza habari zao. Nilijaribu kukumbuka kipande cha mwisho, kama nilivyojaribu kila siku tangu sakafu ile. Kulikuwa na mvua. Kulikuwa na lori lililosimama. Nilikisoma mara moja, kwa haraka, wiki ya juri, nikiwa na tasnifu nyingi mezani, kwa sababu nilijua kipo na nitakirudia.

"Yule mwanamuke," aliuliza, "mwisho alifika kwa shamba lake?"

Nikasema sikumbuki.

"Haukuandika kitu?"

Nilifungua kaye ukurasa wa mwisho. Fishi ilikuwa pale, pini haijashika kutu, mwandiko wangu mdogo ulionyooka. Juu kushoto, Habari za Maharagwe. Juu kulia, kipande cha 41. Katikati, wazo langu. Alisogeza kiti chake karibu nami ili asikie vizuri, nikamsomea yote yaliyokuwemo: "Mwisho unaridhisha. Linganisha na kipande cha tisa."

Alingoja. Niligeuza fishi, upande wa pili ulikuwa mweupe, na yeye aliuona weupe ule.

"Unaridhisha nani?" akauliza.